Jambia la Ukurasa wa 143

Kamati ya Kitabu cha Ukoo imetangaza, na tangazo limepigwa muhuri, likapigwa picha, likatumwa kwenye kundi la Watsapu lenye watu mia mbili na arubaini, kwamba kitabu kilichokuwa kikingojewa kimekamilika. Kitabu hiki, imesema Kamati, hakikuficha kitu wala hakikumwonea mtu. Kila tukio limethibitishwa na mashahidi wasiopungua wawili, na kila aliyehusika ametajwa kwa jina lake na la baba yake. Kwa hivyo toleo hili ni la mwisho, na Kamati haitopokea nyongeza kutoka kwa yeyote.

Watu mia na sitini walijibu kwa alama ya kidole gumba. Waliobaki walikuwa wamelala, kwani ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mwezi wa Juni, Maskati.

Kabla ya tangazo hilo palikuwa na wiki tatu za Bi Rahila binti Sleyum, ambazo Kamati haikuona haja ya kuzitaja.

Bi Rahila ana miaka sabini na tano. Anakaa Azaiba, nyuma ya maduka ya barabara kubwa, katika nyumba yenye kiyoyozi kinachokohoa na mti wa mkungu uliokataa kukua. Alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwaka wa sabini na nne akiwa na masanduku mawili, cheti cha skuli na Kiingereza cha kutosha. Nchi ilikuwa ikitafuta watu wanaojua kuandika, naye akapewa kiti mbele ya bodi ya simu. Alikikalia miaka ishirini na saba, akiunganisha watu na watu. Alisikia posa zikivunjika, watu wakitaliki kutoka Mombasa, wazee wakilia kwa wana wao walioko Dubai. Hakulisimulia hata jambo moja. Wenziwe wakimwita kaburi. Yeye akisema kaburi halikulingana naye, maana kaburi halisikii.

Sasa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anangojea siku ya kupasuliwa. Wa kumtilia dawa na kumsomea ni Jemimah, Mkenya wa Machakos, aliyekuja miaka minne iliyopita kuangalia wagonjwa majumbani. Jemimah husoma kwa sauti ya kanisani na hupenda hadithi za upelelezi.

Mwenye kitabu ni Khalil. Mchana ni mtumishi wa serikali. Baada ya Alasiri ni mwanahistoria. Ana vitabu viwili vilivyouzwa vizuri kwenye maonyesho, kimoja cha vita na kimoja cha wezi na mahakimu wa zamani, na kutokana navyo ameipata nadharia yake ya pekee: mtu hununua historia kwa ajili ya damu, huisoma kwa ajili ya wizi, kisha humpa mkewe kwa ajili ya harusi. Kitabu cha tatu, cha ukoo, alikipanga hivyo hivyo. Sura nne za vita, sura tatu za uhalifu, na sura moja iliyoitwa "Maisha ya Watu", yaani wanawake.

Kwa sura hiyo moja alikaa na Bi Rahila alasiri nane. Bi Rahila akampa kila kitu: namna bibi arusi alivyosingwa kwa liwa na manukato siku saba, nani alialikwa kwanza, nani alinuna, boko boko la ngano na nyama lilipigwa na mikono ya nani mpaka likavutika. Khalil akaandika yote, na chini ya ukurasa akataja chanzo kwa herufi ndogo: "Riwaya ya kina mama."

Jina la msimulizi hakuliweka. Hakukusudia ubaya, aliweka heshima. Katika kadi za harusi za ukoo huu bwana arusi ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Bibi arusi ni karima wa fulani, yaani binti yake tu, na watu mia nne huenda kula kwa ajili ya mtu asiyetajwa. Kwenye ukuta wa sebule ya Marhoon, mwenyekiti wa Kamati, kuna shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, ndani ya fremu ya dhahabu. Humo wanaume mia nne na kumi na wawili wamezaana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi kumi na kimoja, bila ya msaada wa mtu yeyote.

Khalil alipomletea Bi Rahila rasimu nzima, alimletea kwa adabu ili aangalie sura yake. Jemimah akaanza na sura ya saba, kwa sababu jina lake lilikuwa "Siri ya Jambia".

"Hii inakaa tamu," alisema, akajiweka sawa.

Ikasomeka hivi. Mwaka 1957, Unguja mjini, jambia la Sheikh Ghaith lilipotea. Lilikuwa la fedha, mpini wa pembe ya kifaru, na lilipotea siku mbili kabla ya Sheikh Ghaith kuoa mke wa pili. Polisi wakapekua ghala, jiko, chumba cha mlinzi, hata shimo la taka. Siku ya nne shaka ikamwangukia mpishi, jamaa maskini wa ukoo huo huo, ambaye peke yake katika watumishi alikuwa akipanda ghorofani na sinia. Hakimu alimuuliza anamshuku nani. Mpishi hakujibu. Akafungwa miezi minane, na jambia halikuonekana tena. Khalil alifunga sura kwa sentensi aliyoipenda mwenyewe: "Mwizi huiba mara moja, kimya chake humhukumu maisha."

"Si nilijua," Jemimah alisema. "Huyu mpishi nilimshuku tangu aingie na sinia. Mtu hana makosa ananyamazia nini kortini? Khalas, kesi imeisha."

"Jina lake wameliandika?"

"Wameandika. Sleyum... bin Asaad." Jemimah alilisoma taratibu. Kisha akaangalia kichupa cha dawa ya macho kilichokuwa mezani, chenye karatasi ya hospitali na jina kamili la mgonjwa. Akaziweka karatasi magotini.

"Mama. Huyu ni..."

"Baba yangu. Pana picha?"

"Kuna picha ya jela."

"Ya kwake?"

"Hapana. Ya mlango."

Jemimah akasema, "Nisamehe, mama."

"Huna kosa, mwanangu. Umesoma kilichoandikwa. Na wengine watasoma hivyo hivyo, tena hao hawatoomba msamaha."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wake. Sleyum bin Asaad alifariki Unguja mwaka wa sitini na tisa, Maskati hakuiona. Hakuacha nyumba wala shamba. Sasa kitabu kitaingia kila nyumba ya ukoo, kitatolewa zawadi, na vijukuu wa Bi Rahila watakapomtafuta babu yao kwenye faharasa watamkuta na kazi moja tu. Rasimu ilikuwa iende kwa mpiga chapa, mtaa wa Wadi Kabir, baada ya wiki tatu.

Khalil alikuja siku ya pili, akatiliwa kahawa na halwa.

"Shangazi, mimi nafuata nyaraka. Nna hukumu ya mahkama na nna mashahidi sita."

"Sita hao walikuwapo?"

"Wawili walikuwapo Unguja."

"Unguja kubwa, Khalil. Chumbani kwa Sheikh Ghaith walikuwapo?"

"Sasa kama si yeye, nani? Siwezi kuwaachia wasomaji shimo. Nipe jina lingine nilichunguze."

Bi Rahila akampa. Jina lilikuwa Bi Nadra binti Humam, mke wa Sheikh Ghaith mwenyewe. Alilichukua jambia la mumewe kwa sababu bwana arusi wa ukoo ule haendi kuoa kiuno kitupu, wala haendi na jambia la kuazima, watu wasije wakasema. Akalishonea ndani ya godoro lake la sufi, akalilalia. Polisi walipekua nyumba nzima ila chumba cha mwenye nyumba mwanamke, kwa heshima. Harusi ikaahirishwa mwezi. Kabla mwezi haujesha watu wa bibi arusi wakaona mkosi, wakampeleka Mombasa wakamwoza huko.

Khalil aliisukuma sahani ya halwa pembeni. Alikuwa ameandika kesi thelathini na moja katika maisha yake, na hakuna hata moja iliyokuwa na ufumbuzi mzuri kama huu.

"Haichapiki," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwanza huyo ni bibi yake Ami Marhoon."

"Nnajua ni bibi yake nani."

"Na hata asingekuwa. Shangazi, wewe ndiye uliyetulea na mambo haya. Mwanamke wa watu nimtie jina kitabuni? Tena kwa wizi?"

"Kuficha kitu cha mumeo si wizi."

"Basi kama si wizi, sura ya wizi naifanyaje?"

Bi Rahila aligeuza kikombe. "Nikwambie kitu. Mama yangu ndiye aliyemkuta Bi Nadra anashona godoro, mwezi ambao hakuna anayeshona magodoro. Akamwambia baba. Kwa hivyo baba alijua. Hakimu alipomuuliza, alinyamaza kwa sababu mke wa mtu hatajwi mahkamani. Alikaa ndani miezi minane kwa ada hiyo hiyo unayonambia wewe leo. Sasa mnamfunga tena, kwa ada ile ile, na hii mara ya pili haina kutoka."

Khalil alisema ataliangalia suala hilo. Alipofika mlangoni akageuka, kwa sababu yeye ni mtafiti: "Ushahidi upo?"

Bi Rahila hakumjibu, na si kwa kuwa haukuwapo. Ulikuwapo kabatini, nyuma ya mablanketi. Siku ya pili ya Idi, mwaka wa themanini na moja, Bi Nadra, mzee na mgonjwa, alimwita kwenye nyumba yake ya Hamriya akampa kitu kilichofungwa ndani ya taula. "Hiki kipo baina yangu na baba yako," alimwambia. "Mimi naondoka. Kiweke." Bi Rahila akakiweka. Aliizoea kazi ya kupokea neno na kutolitoa. Mwaka uliofuata Bi Nadra akafariki, na miaka arubaini na tatu ikapita juu ya taula.

Ushahidi wa kumtoa baba hatiani ulikuwa ndio huo, mali iliyoibwa, na ilikuwa imekaa nyumbani kwa binti wa mshitakiwa. Katika kitabu cha pili cha Khalil mna kesi kama hiyo. Mwenye kabati alipewa miaka mitano.

"Mama, ukitoa hiyo kitu," Jemimah alisema alipofunuliwa taula, "watasema eeh, kumbe ilikuwa kwa mtoto wa mpishi hii miaka yote."

"Nnajua."

"Basi wacha ikae."

"Ikikaa?"

Jemimah akafikiri. "Ikikaa, kitabu kinakaa vile kiko."

"Ehe."

"Wueh," alisema Jemimah.

Ijumaa ile ilikuwa zamu ya Marhoon kulisha ukoo. Wanaume walikaa sebuleni chini ya shajara. Wanawake chumba cha pili, na baina yao mlango wa mbao uliobaki wazi kiasi cha kupitisha sinia. Bi Rahila aliingia na mkoba uliokuwa mzito kuliko kawaida. Alikuwa ametayarisha maelezo, tangu godoro mpaka Idi, kwa utaratibu, na alikuwa ameyarudia mara tatu mbele ya Jemimah. Wali ulipoondoshwa akaifungua taula juu ya kitambaa cha meza.

Hakuna aliyeshituka. Taghreed, dada mkubwa wa Marhoon, alifuta mkono akalishika jambia kwa ncha za vidole.

"A, umelileta," alisema. "Bibi alisema liko kwako."

"Hilo la kwenye godoro?" akauliza mkwe mmoja aliyekaa upande wa pili wa kitambaa. "Dogo hivyo? Mimi nilidhani upanga."

Wakacheka. Wakaanza kulipitisha. Ikabainika kwamba kisa hiki husimuliwa bibi arusi wa ukoo siku ya kusingwa, pamoja na mambo mengine anayohitaji kuyajua, na kwamba hakuna mwanamke humo chumbani ambaye hakusimuliwa. Mmoja alikuwa na riwaya ambayo ndani yake Bi Nadra alichomwa na ncha kila akigeuka, na kila asubuhi Sheikh Ghaith humuuliza mgongo una nini. Bi Rahila peke yake hakuwahi kukisikia, maana kila akiingia watu walikuwa wakinyamaza kwa kumstahi.

Alingoja kicheko kitulie.

"Kwa hivyo mlijua baba yangu hakuiba."

"Tangu watoto," alisema Taghreed.

"Mkanyamaza."

Taghreed aliliweka jambia chini. Alijibu bila ya kumtazama. "Sisi tulidhani wanaume nao wanajua, ila hawapendi kulisema. Wallahi, Rahila. Mtu atakaaje na kitu kama hiki nyumbani kwake asikijue?"

Akainuka, akaenda mlangoni, akamwita nduguye.

Marhoon alisimama upande wake wa mlango, Khalil nyuma yake. Ni mtu wa miaka sitini na sita, mpole, aliyewahi kuwa mkubwa wa idara na bado huzungumza kama anayesaini. Alipopewa jambia aliligeuza mara mbili. Alilijua, lipo kiunoni mwa babu yake katika picha iliyotundikwa karibu na shajara.

"Da Rahila, umelipata wapi?"

"Kwa bibi yako. Nyumba yenu ya Hamriya, Idi ya themanini na moja."

"Bibi?" alisema Marhoon. "Bibi alikuwa akinisomea Yasini nikiwa na homa."

"Na godoro alishona," alisema Taghreed. "Vyote viwili ni yeye."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukuuliza. Huyu Khalil wako amepita hapa mlangoni na kinasa sauti chake mara ngapi? Salamu alekum, salamu alekum, huyoo kwa wazee. Tukajua anatafuta kitu kingine."

Khalil aliangalia viatu vya watu.

Marhoon akafikiri kwa muda unaostahili, akatoa suluhu. Sura ya saba itafutwa yote. Sleyum hatoitwa mwizi, hatoitwa chochote. Bibi atabaki alipo na heshima yake, na mambo yatakuwa yamekwisha kwa wema.

"Hapana," alisema Bi Rahila. "Ukimfuta hakuwapo. Mimi nataka awepo, na aliyoyafanya yawepo. Alikaa jela kwa ajili ya nyumba yenu. Liandikeni hilo. Jina la bibi yako silitaki, Marhoon. Baba yangu hakulitoa mbele ya hakimu, na mimi sitokulazimisha ulitoe Wadi Kabir."

"Na Kamati ikikataa?"

"Basi na ile sura ya harusi nirudishieni. Ni riwaya ya kina mama, na mama mwenyewe ndiye mimi."

Khalil alikohoa. Bila ya sura ile kitabu kilikuwa kibaki vita na wizi, na nadharia yake ilikuwa wazi kuhusu nani hukinunua kitabu cha namna hiyo mara ya pili.

Marhoon alitaka kumrudishia jambia. Bi Rahila akasema lilikuwa amana, na amana imefika. Akakunja taula akaitia mkobani, kwa sababu taula ilikuwa yake.

Kamati ilikaa mara mbili. Mara ya kwanza walibishana kama mtu anaweza kuwa shahidi bila ya kutajwa. Mara ya pili waliletewa chai. Ukurasa wa 143 sasa unasema: "Sleyum bin Asaad, Mungu amrehemu, alifungwa miezi minane kwa kosa ambalo hakulifanya, naye alimjua aliyelifanya akanyamaza kwa kuihifadhi heshima ya nyumba. Jambia lilichukuliwa na mmoja wa watu wa nyumba ile." Ile sentensi ya mwizi huiba mara moja iliondoshwa. Khalil ameihifadhi kwa kitabu kijacho.

Jemimah alimsomea Bi Rahila ukurasa huo mara mbili. Mara ya pili Bi Rahila alimwambia asimame kwenye jina la baba yake, akae hapo kidogo, kisha aendelee.

"Sasa mwizi hana jina," alisema Jemimah. "Hii kitabu itanikasirisha."

"Ana jina. Hujasikia ukiambiwa?"

"Nimesikia. Lakini anayenunua dukani?"

"Anayenunua dukani si wa kusingwa," alisema Bi Rahila, na akaomba dawa ya macho.

Ndipo likatoka tangazo, na muhuri, na vidole gumba. Kitabu kikazinduliwa Jumatano, jambia likiwa ndani ya kioo mbele ya meza ya Kamati, na Marhoon akalisoma tangazo tena kwa sauti, mpaka pale pa nyongeza kutopokelewa. Upande wa kina mama zilinunuliwa nakala kumi na moja. Wiki iliyofuata Taghreed alizikusanya na kumpelekea Khalil azitie sahihi, kama ilivyo kawaida ya mwandishi na wasomaji wake.

Khalil, kwa mazoea ya kazi, alifungua kila moja ukurasa wa 143. Baada ya maneno "mmoja wa watu wa nyumba ile" palikuwa na maneno mengine, kwa kalamu ya wino, na nakala moja kwa kalamu ya nyusi: Nadra binti Humam. Miandiko ilikuwa kumi, na wa kumi na moja ulikuwa wa Jemimah, kwa niaba ya mtu asiyeona vizuri.

Khalil alizitia sahihi zote.